Sifa Inayomtangulia Mtu

Orodha ya sifa za makabila ni miongoni mwa maarifa machache ambayo karibu kila Mtanzania mzima anayo bila kufundishwa darasani. Mchaga anapenda fedha, Mhaya ana majivuno na Kiingereza kingi, Mpare halali bila kesi, Mgogo ni ombaomba, Mkurya ana hasira za karibu, Mhehe akiudhiwa hujinyonga, Msukuma ni mshamba wa kuuziwa kitu chochote mjini, Mzaramo ni wa ngoma, na mtu wa pwani kwa jumla ni mvivu anayesubiri embe lianguke lenyewe. Anayeikariri orodha hii kwa kawaida hucheka, na aghalabu anayetajwa hucheka pia, jambo linalowafanya wengi waamini kwamba haina madhara. Lakini ni orodha hiyohiyo, bila kubadilishwa neno, inayotumika mwenye nyumba anapoamua nani apangishwe chumba, mwajiri anapotafuta msichana wa kazi za ndani, na wazazi wanapokataa posa. Sura hii inachunguza namna maneno yaleyale yanavyoweza kuwa mzaha mahali pamoja na hukumu mahali pengine, na hoja inayotetewa ni kwamba tofauti hiyo haitokani sana na ubaya wa moyo wa msemaji, bali inatokana na mambo yaliyofungamanishwa na maneno yenyewe, yaani ardhi, ajira, vyeti na kura.

Ni vema kwanza kutenganisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. La kwanza ni dhana mgando, yaani picha moja isiyobadilika ya watu wengi, inayomfanya mtu adhani anamjua mwenzake kwa sababu tu analijua kundi lake. Mwandishi wa habari wa Marekani Walter Lippmann, aliyeliingiza jambo hili katika mjadala wa wasomi kwa kitabu chake cha mwaka 1922 kuhusu maoni ya umma, aliona kwamba picha za namna hii haziepukiki, kwa kuwa dunia ni pana mno kwa mtu mmoja kuipima upya kila anapokutana nayo. La pili ni hukumu ya awali, ambayo ni hisia ya kumpenda au kumchukia mtu kabla hajasema wala kutenda lolote, na ndiyo iliyomshughulisha mwanasaikolojia Gordon Allport katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1954. La tatu ni ubaguzi, ambao ni tendo: kunyima, kufukuza, kupandisha bei, kuruka jina katika orodha.

Wengi hudhani kwamba matatu hayo hufuatana daima, dhana ikizaa hisia na hisia ikizaa tendo, lakini ushahidi wa zamani kabisa katika taaluma hii unaonyesha vinginevyo. Mwaka 1934 mwanasosholojia Richard LaPiere alichapisha taarifa ya safari zake nchini Marekani akiwa na mume na mke Wachina, katika enzi ambayo chuki dhidi ya Wachina ilisemwa hadharani. Waliingia katika hoteli na migahawa 251 na kukataliwa mara 1 tu, ilhali wenye biashara hizohizo walipoandikiwa barua baadaye na kuulizwa kama wangewapokea Wachina, zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Wakosoaji wamesema, na wana haki, kwamba pengine aliyejibu barua hakuwa yule aliyekuwa mapokezi siku ile. Hata hivyo pengo lililoonekana kati ya kauli na tendo ni kubwa mno kuelezwa kwa sababu hiyo pekee, na anayetaka kuelewa ubaguzi hana budi kutazama kilichomo ndani ya pengo hilo.

Sifa za makabila zina historia, na historia hiyo mara nyingi ni fupi kuliko wanavyofikiri wanaozitumia. Uvivu wa mtu wa pwani ni mfano unaostahili kuangaliwa kwa utulivu, kwa sababu ni dhana ambayo hata watu wa pwani wenyewe wameikubali na kuifanyia mzaha. Utumwa ulikomeshwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na wenye mashamba pamoja na maofisa wa Kiingereza walitarajia kwamba waliokuwa watumwa wangeamka siku ya pili wakiwa vibarua, wakifanya kazi ileile kwa ujira mdogo na kwa saa zilezile. Mambo hayakwenda hivyo. Kama alivyoeleza mwanahistoria Frederick Cooper katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1980, wengi walibaki kwenye ardhi, wakapanda muhogo wao chini ya minazi na mikarafuu ya wengine, wakakubali kuchuma karafuu msimu ulipofika kwa kuwa uchumaji ulilipa, lakini wakakataa palizi ya mwaka mzima, hata ikalazimu vibarua Wanyamwezi waletwe kutoka bara kuifanya. Ofisa aliyehitaji mikono ya bei nafuu aliliita jambo hilo uvivu. Mtu yuleyule aliyeitwa mvivu alikuwa akilima, akivua, akisuka makuti na kuuza ziada yake sokoni. Uvivu wake ulikuwa wa kukataa kazi ya mtu mwingine.

Ilisaidia pia kwamba kazi yake haikuonekana. Mvuvi anayetoka na upepo wa usiku na kurudi alfajiri huwa amemaliza siku yake ofisi zinapofunguliwa saa mbili, na akionekana amelala barazani adhuhuri, anayepita na makaratasi mkononi anashuhudia usingizi tu. Tanga nako, ambako mashamba ya mkonge yalihitaji maelfu ya watu, wenyeji kama Wabondei na Wadigo walikuwa na mashamba yao wenyewe na soko la kuuzia chakula, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kwenda kukata mkonge kwa kipande. Badala yao wakaletwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji, na kuanzia mwaka 1944 kazi hiyo ya kuandikisha watu ikawekwa chini ya chombo cha pamoja cha wenye mashamba, maarufu kwa jina la SILABU. Makambini vibarua walipangwa kwa makabila, na kila kabila likapewa sifa yake na wasimamizi: hawa wakataji hodari, hawa wakaidi, hawa wa kufagia tu. Umaskini wa mkoa uliomsukuma Muha wa Kigoma kusafiri mamia ya kilomita kutafuta fedha ya kodi ukageuzwa kuwa tabia ya Muha, na watoto wa waliomcheka wakazirithi kejeli hizo bila kurithi habari ya kodi.

Kwa Wachaga na Wahaya mkondo ulikuwa tofauti lakini kanuni ni ileile. Wamisionari Wakatoliki walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walutheri wa Leipzig wakafika Kilimanjaro mwaka 1893, na Mapadri Weupe walifungua misheni ya Kashozi karibu na Bukoba mwaka 1892; penye misheni palikuwa na shule, na penye mvua na mwinuko palifaa kahawa, zao ambalo mkulima mdogo angeweza kulimudu bila kumwajiri mtu. Wakulima wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao cha kahawa tangu mwaka 1925, na kufikia 1933 walikuwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, wakati ambapo sehemu kubwa ya Tanganyika haikuwa na shule ya kati. Kahawa ilileta karo, karo ikaleta makarani, na uhaba wa vihamba, yaani mashamba ya ukoo, ukawatoa nje vijana ambao hawangerithi ardhi, wakaenda mijini kufungua maduka. Nchi ilipopata uhuru, anayekaa nyuma ya meza ya serikali au ya duka alikuwa mara nyingi ametoka katika mojawapo ya pembe hizo mbili za nchi, na mwananchi aliyesubiri mbele ya meza alijieleza hali hiyo kwa njia iliyo nyepesi kuliko zote: hawa wanapenda fedha, hawa wanajiona. Ukweli kwamba Wahaya walishikwa na jina la nshomile, yaani msomi, na Wachaga wakashikwa na fedha unaonyesha tu nani alianzia ofisini na nani alianzia dukani.

Habari ya Wagogo ni ya huzuni zaidi. Katika njaa iliyojulikana Ugogo kwa jina la Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yaliyokuwa yakipigana Afrika Mashariki yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, kisha mvua zikakosekana, na maelfu ya watu wakafa. Ugogo una mvua za kubahatisha na umepata njaa nyingine kabla na baada ya hiyo. Lakini tofauti na nchi nyingine kame, unapitiwa na reli ya kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910, kiasi kwamba njaa ya Ugogo ilisimama kando ya madirisha ya mabehewa na kuonwa na abiria wa kila kabila. Njaa zilizotokea mbali na reli hazikumpa mtu yeyote jina. Hadi leo wakuu wa Mkoa wa Dar es Salaam hutangaza kila baada ya muda operesheni za kuwarudisha ombaomba makwao, na katika masimulizi ya mitaani makwao huwa ni Dodoma tu, hata kama aliyekamatwa ametoka kwingine kabisa.

Sifa hizi hubadilika pia kazi inapobadilika. Wakamba, ambao Johann Ludwig Krapf aliwakuta mwaka 1849 chini ya mfanyabiashara mkubwa Kivoi huko Kitui, walijulikana karne hiyo kama mabingwa wa misafara ya pembe za ndovu. Karne moja baadaye, baada ya Waingereza kuwaandikisha kwa wingi katika jeshi lao la kikoloni, KAR, maofisa waliandika kwamba Mkamba ni askari wa kuzaliwa, na hakuna aliyeona haja ya kueleza ile damu ya biashara ilikwenda wapi.

Historia peke yake haitoshi kueleza kwa nini sifa iliyoanza na mazingira fulani huendelea baada ya mazingira kutoweka. Hapo ndipo utafiti wa akili za watu unaposaidia, na mmojawapo wenye mwanga zaidi ni ule wa David Hamilton na Robert Gifford wa mwaka 1976. Washiriki walisoma sentensi 39 kuhusu matendo ya watu wa makundi mawili ya kubuni, kundi A likiwa na sentensi 26 na kundi B 13, na katika makundi yote mawili uwiano ulikuwa mmoja: kwa kila matendo mema 9 palikuwa na maovu 4. Hapakuwa na sababu yoyote ya kuliona kundi moja kuwa baya kuliko jingine. Hata hivyo washiriki walipoulizwa baadaye, walilitwika kundi B maovu mengi kuliko yale waliyoyasoma, kwa sababu kundi dogo ni adimu, na uovu ni adimu, na mambo mawili adimu yakikutana akili huyakumbuka pamoja. Katika mtaa wenye familia nyingi za wenyeji na mbili tatu za wageni, wizi wa mwenyeji utasimuliwa kwa jina la mwizi, na wizi wa mgeni utasimuliwa kwa jina la kabila lake. Methali inayosema samaki mmoja akioza wote wameoza, ambayo hutumiwa kana kwamba ni hekima juu ya binadamu, inaeleza vizuri kosa hilo la hesabu, ingawa ni vigumu kuamini kwamba walioitunga walikusudia hivyo.

Henri Tajfel, Myahudi wa Poland aliyeponea vitani akiwa mfungwa wa Wajerumani, alikwenda mbali zaidi. Katika majaribio yaliyofanyika Bristol na kuchapishwa kuanzia mwaka 1970, aliwagawa wavulana wa shule kwa vigezo visivyo na maana yoyote, kama vile mchoraji gani wanampendelea kati ya Klee na Kandinsky, akawataka wagawe fedha kwa wenzao bila kuwajua kwa sura wala kwa jina. Wengi waliwapendelea wa kundi lao, na mara nyingine walikubali kundi lao lipate pungufu ya lile ambalo lingeweza kupata ilimradi lile jingine liachwe nyuma. Upendeleo, kwa hiyo, hauhitaji historia ya vita wala ya njaa; unahitaji mpaka tu, na serikali za kikoloni zilikuwa hodari wa kuchora mipaka.

Kama akili ya binadamu iko hivyo kila mahali, inabaki kuelezwa kwa nini matokeo si yaleyale kila mahali. Jamii za Tanzania zina taasisi moja ambayo imelishughulikia tatizo hili kwa werevu usiopewa heshima ya kutosha, nayo ni utani. Mwanaanthropolojia Alfred Radcliffe-Brown aliandika juu ya utani kwa ujumla wake mwaka 1940, na katika miaka hiyohiyo Reginald Moreau, ambaye kwa kweli alikuwa mtaalamu wa ndege katika kituo cha utafiti cha Amani, alikusanya habari za utani wa makabila ya Tanganyika. Asili kubwa za utani huo ni mbili. Baadhi ya utani ulitokana na njia za misafara, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, ambao ulimpa mpagazi mahali pa kulala na mtu wa kumzika katika nchi ya ugenini. Mwingine ulitokana na vita vilivyokwisha bila mshindi wa kudumu, kama ule wa Wahehe na Wangoni, waliopigana vikali katika nusu ya pili ya karne ya 19. Wachaga na Wapare ni watani pia, na mashabiki wa soka wameuchukua msamiati huo wakauhamishia Simba na Yanga, ambao hawajawahi kuzikana.

Utani haukatazi dhana mgando. Unaziruhusu zote, tena kwa sauti kubwa, lakini unaziwekea masharti. Mahali pa kuuona ukifanya kazi ni msibani. Watu wanapokuwa wamekaa kimya na wanawake wakilia ndani, mtani huingia akiwa amevaa kanzu au koti la marehemu, akitembea kama alivyotembea marehemu na kukohoa kama alivyokohoa, akiwauliza wafiwa kwa nini wanamlilia mtu aliyekuwa bahili namna ile; hushuka kaburini na kulala kifudifudi akisema hatoki mpaka alipwe, au huzuia jeneza mlangoni mpaka waungwana wachange chochote. Mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Lakini ni mtani huyohuyo aliyeamka mapema kuchimba kaburi, anayebeba maji, anayesimamia chungu cha ubwabwa, na ambaye siku atakapofiwa atatukanwa na kuhudumiwa vivyo hivyo. Masharti basi ni matatu: kila anayetukana anaweza kutukanwa, kila aliye na haki ya kutukana ana wajibu wa kusaidia, na pande zote mbili zinajua kwamba tusi si taarifa. Mpare anapoambiwa na Mchaga kwamba ni mtu wa kesi, hakuna kesi inayoamuliwa kwa kauli hiyo.

Sharti mojawapo likivunjika, maneno hubaki na utani huondoka. Msichana aliyeletwa mjini kutoka Iringa, kwa sababu inasemekana wasichana wa huko ni wachapakazi na hawana maneno, amepewa sifa ambayo juu juu ni nzuri, lakini ni sifa inayomnyima haki ya kuchoka na ya kudai mshahara wake, na hana namna ya kumrudishia mama mwenye nyumba mzaha wa aina hiyo. Dalali anayemuuliza mtafuta chumba, kwa upole kabisa, kwamba yeye ni mwenyeji wa wapi, hajamtukana mtu. Anachofanya ni kutafuta kabila ili ampelekee mwenye nyumba, ambaye hatamwona mwombaji na wala hatalazimika kumpa sababu. Vichekesho vya redioni na vya simu, ambamo lafudhi ya Kisukuma au ya Kimakonde inatosha kumtambulisha mhusika kuwa mjinga, huitwa utani na wanaovitengeneza, lakini mchekeshaji hana wajibu wowote wa kumzika Mmakonde.

Nchi jirani zinaonyesha yanayotokea pale sifa za makabila zinapofungwa kwenye ardhi na kura. Nchini Kenya, Tume ya Jaji Waki iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 ikaweka, pamoja na mengine, kwamba taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa jamii moja. Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba Wakenya wanachukiana kuliko Watanzania, lakini watafiti walioendesha majaribio jijini Nairobi, wakiwapa watu fedha halisi wagawane na wenzao wa makabila yao na ya wengine, waliripoti mwaka 2020 kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha wa upendeleo wa kikabila katika matendo ya watu wa kawaida. Mmoja wao, mwanauchumi Edward Miguel, alikuwa ameonyesha mapema, katika makala ya mwaka 2004, kwamba huko Busia, magharibi mwa Kenya, shule za msingi zilipata michango midogo zaidi kadiri eneo lilivyokuwa na makabila mengi, wakati huko Meatu, upande wa Tanzania, uhusiano huo haukuonekana. Alitaja sababu zinazojulikana: Kiswahili, mtaala wa taifa, kufutwa kwa uchifu baada ya uhuru, serikali za vijiji. Wilaya mbili si nchi mbili, na Meatu ina Wasukuma wengi mno kuwa mizani kamili, lakini matokeo hayo na ya Nairobi yanaelekeza upande mmoja, kwamba aliyeishi kwa amani na jirani yake anaweza kumgeukia wiki ya uchaguzi bila moyo wake kuwa umebadilika sana katikati.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko ndani ya mipaka ya Tanzania yenyewe. Mwaka 1972 maelfu ya Wahutu wa Burundi walikimbia mauaji yaliyofanywa na jeshi lililotawaliwa na Watutsi, wakapokewa magharibi mwa Tanzania. Wengi wao walipelekwa katika makazi makubwa ya wakimbizi, yakiwemo Mishamo, na wengine wakajichanganya na wakazi wa mji wa Kigoma. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi kati ya makundi yote mawili katikati ya miaka ya 1980. Huko Mishamo, ambako mtu alitambulika kwa kadi, kijiji na barabara yenye namba, na hakuweza kutoka bila kibali, alikuta masimulizi marefu na yenye mpangilio kuhusu tabia ya Mtutsi: mvivu, mjanja, mdanganyifu tangu siku ya kwanza alipofika nchini. Kigoma mjini, watu waliotoka katika mauaji yaleyale walikuwa wameoa na kuolewa na wenyeji, wakafanya biashara ya samaki na mafuta ya mawese, wakajitambulisha kwa mji, kwa dini au kwa kazi kadiri hali ilivyotaka, na hawakuwa na hamu ya masimulizi hayo. Kumbukumbu ilikuwa moja. Kadi ndiyo ilikuwa tofauti. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 wa wakimbizi hao wa 1972 na watoto wao walianza kupokea vyeti vya uraia wa Tanzania.

Kadi ilikuwa na kazi ya kutisha zaidi Rwanda. Wabelgiji walipoandika kabila katika vitambulisho kufuatia sensa ya miaka ya 1933 na 1934, walikuwa wakitumia nadharia iliyoenezwa tangu John Hanning Speke alipochapisha kitabu chake mwaka 1863, iliyodai kwamba Watutsi ni jamii ya watawala waliotoka kaskazini, na kwa hiyo walichukua tofauti iliyokuwa na ng'ombe, ukoo na ukaribu na mfalme ndani yake wakaigeuza kuwa mstari katika karatasi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, mstari huo ulisomwa kwenye vizuizi vya barabarani. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani mwaka 2003 wahusika wa redio ya RTLM na gazeti la Kangura, ambao walikuwa wamechukua sifa ambazo watu walizijua tangu utotoni, wakaongeza jina la mende, na kuzitangaza kila siku kwa msikilizaji asiye na nafasi ya kujibu.

Miaka 10 baada ya mauaji hayo, redio ilitumika kwa nia ya kinyume. Mchezo wa kuigiza uitwao Musekeweya, unaosimulia vijiji viwili vya kubuni vilivyogombana, ulianza kurushwa mwaka 2004, na mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck alipima athari yake kwa kuzipa jamii kadhaa mchezo huo kwa mwaka mzima na nyingine mchezo kuhusu afya, akachapisha matokeo mwaka 2009. Imani za wasikilizaji kuhusu chanzo cha chuki hazikubadilika kwa kiasi cha kutajika. Kilichobadilika ni maoni yao juu ya kile ambacho watu wa mahali pao hukiona kuwa sawa: kuoana na watu wa upande mwingine, kuaminiana, kusema wazi mtu asipokubaliana na wenzake. Mwishoni kila jamii iliachiwa redio ya kaseti na kanda zake, bila kuelezwa nani azitunze. Katika jamii zilizosikiliza mchezo wa afya, watu kwa kawaida walimkabidhi kiongozi wa eneo na kutawanyika. Katika zile za Musekeweya waliketi wakabishana, mmoja akapinga, mwingine akapendekeza zamu, wakakubaliana kuvitunza kwa pamoja, ingawa yale waliyoyaamini juu ya wenzao, kwa kadiri maswali ya watafiti yalivyoweza kuyafikia, yalikuwa karibu yaleyale waliyokuja nayo.